Bi Zainabu Hakunisilimisha

Mwanaisha alipofariki nilishuka Voi kumzika, na pale matangani ndipo nilipogundua kwamba nimekuwa hadithi. Nilikuwa nimeketi mkekani pamoja na wanawake wengine, leso kichwani, magoti yakiniuma kwa uzee, msichana mmoja wa ukoo wa marehemu akaniletea kahawa na kunitazama kwa huruma. Akaniuliza kama ndimi yule Mghoi wa Chawia, yule Mtaita ambaye Bi Zainabu, mama yake Mwanaisha, alimwokota wakati wa njaa akamsilimisha. Nikamwambia ndimi Mghoi, na njaa ilikuwapo kweli, lakini kuokotwa sikuokotwa, nilipiga hodi mwenyewe. Na kusilimishwa sikusilimishwa. Msichana akacheka kwa adabu, akadhani bibi kizee amesahau. Niliporudi Chawia, mama mmoja wa kanisani akaja kunipa pole ya msiba, kisha akasema anamshukuru Mungu kwamba kanisa liliniokoa mapema kutoka mikononi mwa Waislamu wa Voi. Huyo naye nikamwambia si kweli, na yeye pia akacheka kwa adabu. Basi nimekasirika. Nina umri wa kutosha kukasirika nikitaka, na nilipojifunza kuandika ukubwani sikujifunza kwa ajili ya kutia sahihi tu. Nitaueleza mwaka ule kama ulivyokuwa, kabla sijafa watu wa Voi na watu wa Chawia wakaanza kugombania maiti yangu.

Habari za ukoo wangu sitazieleza, anayetaka kuzijua aje aulize. Inatosha kusema kwamba vita vya Mjerumani vilikuwa vimekwisha, vikiwa vimekula ng'ombe wetu na vijana wetu, na homa iliyofuata vita ikamchukua baba yangu. Kisha mvua ikakataa. Mahindi yalifika magotini yakakauka yakisimama, na mama akabaki na wadogo zangu na ghala tupu. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, wa kuolewa, lakini mwaka ule hakuna aliyezungumza habari za mahari. Nikafunga kitambaa kiunoni nikashuka mlima, nikapita Mwatate, nikafika Voi nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa nimesikia kwamba karibu na stesheni kuna mwanamke wa pwani mwenye hoteli, na kwamba wapagazi wanaotoka huko husema chakula chake kina nazi. Nikaenda moja kwa moja mlango wa nyuma, nikapiga hodi, nikasema natafuta kazi. Mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake akanitazama mikono, akageuza viganja, akasema mikono hii imelima, ingia uoshe vyungu.

Jikoni mwa Bi Zainabu hata leo naweza kutembea nikiwa nimefumba macho. Mafiga yalikuwa ukutani upande wa kulia, mtungi wa maji nyuma ya mlango, na juu kabisa, chini ya paa la mabati yaliyotobokatoboka, zilining'inia kamba za vitunguu na samaki wakavu waliokuja na gari la moshi kutoka Mombasa. Mbele kulikuwa na chumba cha wateja chenye mabenchi na mikeka, na baraza iliyotazama barabara ya stesheni. Alfajiri tulipika mahamri na mbaazi, mchana wali na mchuzi wa nyama, jioni mchuzi uliobaki na mkate wa mofa. Walikuja makuli wa reli, matarishi, wachuuzi, vibarua wa shamba la mkonge, Waislamu kwa wasio Waislamu, wakala wakizungumza juu ya bei ya pembe na nani amekufa wapi. Sheria za nyumba Bi Zainabu alinieleza siku ya kwanza akiwa amesimama mbele ya mafiga. Nguruwe haingii, pombe haiingii, mkono huoshwa kabla ya kugusa chungu, na akisikia adhana yeye huacha kila kitu, hivyo mimi ndiye nitakayeangalia wali usiungue. Kuhusu sala zangu hakuuliza. Nilipomwuliza kwa nini hakuuliza, alisema yeye anauza wali, hapimi watu roho.

Nililala kitanda kimoja cha kamba na Mwanaisha, ambaye tulilingana kwa umri. Yeye alinifundisha kufunga leso isidondoke nikiinua sufuria, mimi nikamfundisha kutafuna muwa bila kisu kama tunavyofanya kwetu, na mama yake alipomwona anamenya muwa kwa meno alisema nimeleta ushenzi nyumbani, huku akijaribu na yeye. Kila wiki Bi Zainabu alinipimia unga, nikampa mtu anayepanda mlimani ampelekee mama. Unga ule ndio uliowavusha wadogo zangu. Nalisema wazi mapema, msomaji ajue nilikuwa na nini cha kupoteza.

Nyumbani mle palikuwa na mtu mmoja asiyekuwapo, naye ni Salim, kaka yake Mwanaisha, aliyechukuliwa na jeshi la wapagazi wakati wa vita. Wengine walirudi, yeye alikuwa bado. Shati lake lilining'inia kwenye msumari, na kila Ijumaa Bi Zainabu alilifua ingawa halikuwa limevaliwa.

Mtaa wetu ulikuwa wa Waislamu kwa wingi wake, watu wa pwani waliofuata reli wakajenga, na juu yao alikuwa Mzee Athmani. Athmani alikuwa mchinjaji, na serikali ndiyo iliyomweka kuwa mkubwa wa mtaa: agawe viwanja, asimamie soko, amalize ugomvi wa majirani. Nyama yote iliyoliwa mtaani ilipita kwenye kisu chake, kwa sababu Waislamu hawali nyama isipochinjwa na Muislamu kwa jina la Mungu. Hata Wataita tuliokuwa na sherehe Voi tulimwita yeye achinje, ili kila mgeni aweze kula. Ulikuwa ustaarabu mzuri na bado naupenda. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Aliwapa maskini matumbo na vichwa bure, na alimjengea Maalim Bakari chumba cha chuo cha Kurani. Tatizo lake lilikuwa moja: serikali ilimpa mtaa, yeye akajipa na roho za watu wa mtaa. Siku hizi, tukiwa na bendera yetu wenyewe, nasikia wanaume wakibishana redioni kama serikali iwe na dini au isiwe na dini, na wengi wanazungumza kama kwamba jambo hilo limetoka Ulaya juzi. Mimi nililijua barazani kwa mchinjaji. Nimeishi mahali ambapo Waislamu ndio wengi na nimeishi mahali ambapo Wakristo ndio wengi, na ugonjwa nimeuona uleule: wengi hudhani kuwa wengi ni hoja.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia miezi ya baridi, upepo mkavu ukipeperusha vumbi la reli mpaka ndani ya unga. Mchana hoteli ilifungwa mlango wa mbele, tukawapikia wasiofunga kwa nyuma, na jioni tukapika futari. Sikulazimishwa kufunga, lakini niliona aibu kula mbele ya Mwanaisha, kwa hiyo nilikula nikiwa nimejificha nyuma ya rundo la kuni. Siku moja nikaacha kunde zikashika chini. Bi Zainabu, ambaye kufunga kulimfanya mkali, akaniambia maneno ambayo sikuyazoea kutoka kwake, kwamba watu wa milimani hatujui chakula na labda ndiyo maana njaa imetukuta. Nikanyamaza. Nilinyamaza vibaya, kwa donge, kwa sababu nilimfikiria mama yangu na ghala lake. Na mchana uleule akaja mtu aliyerudi kutoka kwa wapagazi, akasema barazani kwamba alimwona Salim nchi za kusini, akiwa mgonjwa, amelazwa kando ya njia. Zaidi ya hapo hakujua. Bi Zainabu akaingia chumbani, akatandika msala.

Hapo nikaingiwa na hofu ambayo Mwanaisha hakuweza kuielewa. Kwetu Taita hasira haikai ndani ya mtu mmoja. Ukimkasirikia mtu wa nyumba unayolala ukaificha, hasira ile inatembea, inamfikia mtoto, au mfugo, au msafiri wa nyumba ile aliye njiani. Dawa yake ni kutasa. Unatia maji kinywani, au pombe ya miwa, unayapuliza nje kama manyunyu, na unasema kwa sauti kwamba kilichokuwa ndani yako umekitoa na unamtakia heri uliyemkasirikia. Mwenye hasira ndiye anayepaswa kutasa, hakuna wa kumfanyia. Mimi nilikuwa na donge juu ya Bi Zainabu, na mwanawe alikuwa njiani mgonjwa. Sikufikiri sana. Nikachota maji kwenye mtungi, nikaenda mlango wa mbele, nikaufungua kuelekea barabara ambayo Salim angerudi nayo, nikatia maji kinywani nikayapuliza kizingitini. Nikasema kwa Kidawida, lugha yetu, kwamba sina tena neno na mama huyu, Mulungu amwinue mwanawe amrudishe. Nilipoinua uso, Mzee Athmani alikuwa amesimama mbele yangu na kapu la nyama ya futari.

Nitakiri kwamba ukimtazama kwa jicho lake, alichokiona kilitisha. Aliona msichana asiye Muislamu, mchana wa Ramadhani, akitia maji kinywani hadharani, akiyatema kwenye kizingiti cha nyumba ya Kiislamu kuelekea kwa watu waliofunga, akinong'ona maneno yasiyojulikana. Hakuuliza kitu. Aligeuka na kapu lake la nyama akaenda zake, na siku ya pili tukaitwa barazani kwake.

Wanaume walikaa kwenye viti na mikeka, Maalim Bakari akiwa pembeni na tasbihi mkononi. Bi Zainabu alisimama ndani ya buibui lake, mimi nyuma yake. Athmani akayataja mambo matatu: nimekunywa mchana, nimewatemea watu wa funga, na nimefanya uchawi mlangoni. Maalim akaomba niachwe nijieleze, nami nikaeleza kama nilivyoeleza hapa. Akaniuliza kama nilitaja jina la Mungu. Nikasema nilimtaja Mulungu. Akatikisa kichwa polepole na kusema basi binti huyu ameomba dua kwa namna ya kwao, na maji hakuyameza. Nilidhani yamekwisha. Lakini Athmani akasema kwamba mtaa huu ni wa Waislamu, na nyumba ya Muislamu haiwezi kupikiwa futari na mikono yenye mambo ya kishenzi. Hukumu yake ilikuwa hii: kabla ya Idd nitamke shahada na niwe mtu wa dini, au niondoke mtaani. Na mpaka nitakapochagua, nyama ya kisu chake haitaingia hoteli ya Bi Zainabu. Wazee kadhaa wakaitikia kwamba hilo ni la upole, kwa kuwa wananifungulia mlango wa heri.

Kila mtu akanigeukia. Nitasema ukweli ambao watu wa Chawia hawapendi kuusikia: kabla ya siku ile, dini ile ilikuwa imeanza kunivuta. Niliipenda adhana ya alfajiri. Niliwapenda watoto wa chuo wakisoma kwa pamoja. Huenda kama ningeachwa tu, siku moja ningemwendea Maalim mwenyewe. Lakini ilipowekwa mezani kando ya kapu la nyama, kitu ndani yangu kikakataa na hakijarudi nyuma mpaka leo.

"Sitaki," nikasema. "Dini nikiitaka nitaiomba mwenyewe. Siwezi kuichukua ili watu wauziwe nyama."

"Umekula chakula cha Waislamu miezi yote hii," akasema Athmani.

"Nimekula chakula cha Bi Zainabu, na nimekifanyia kazi."

Mtu mmoja akasema msichana hana adabu, na pengine alikuwa sahihi. Bi Zainabu akaniongoza nyumbani, akavua buibui, akaanza kumenya muhogo.

Habari zilipanda mlimani upesi kuliko unga wangu. Hazikupita siku nyingi akashuka mjomba wangu, Stefano, ambaye alikuwa mwalimu wa kanisa dogo karibu na kwetu. Hakuingia jikoni, alisimama uani ameshika kofia, akaniambia amesikia Waislamu wananilazimisha, na kwamba amekuja kunitoa. Moyo wangu ulimwendea, kwa kuwa alikuwa mdogo wake mama na uso wao ni mmoja. Akasema kanisani wana unga, ila wanagawiwa kwanza wale walioandikishwa kwa ubatizo. Niandikishwe mimi na mama, tutapata fungu letu. Akaongeza kwamba nyama iliyosomewa jina la Kiislamu Mkristo haigusi, kwa hiyo niache kuila tangu leo. Nikamwuliza kama mama yangu ameomba kubatizwa. Akasema mama yangu ameomba unga. "Basi mjomba," nikamwambia, "Athmani amenitangulia kuniambia maneno hayohayo. Ninyi wawili mngekaa mkeka mmoja mngeelewana sana." Aliondoka amekasirika, na miaka mingi ilipita kabla hajakaa tena mezani kwangu. Alikuwa akitupenda. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba hata Athmani labda alidhani ananipenda.

Hoteli isiyo na nyama ni ua tu wenye moshi. Tulipika kunde, mchicha, muhogo wa nazi, lakini watu wa mtaa waliokuwa wakifuturu kwetu wakaanza kupita upande wa pili wa barabara, wengine wakitusalimia kwa aibu, wengine wakitazama reli kama kwamba gari linakuja. Mwenye duka la nguo, Mhindi aliyekuwa akitutumia watu wachukue kunde zetu, hakula nyama yoyote maishani mwake na alikuwa na miungu yake ukutani nyuma ya majora ya kitambaa, lakini hakuna aliyemwita barazani akaulizwa. Mtu mwenye duka haulizwi. Bi Zainabu akaanza kukonda. Jioni moja, tukiwa tunaosha vyungu ambavyo havikuchafuka sana, akasema bila kunitazama kwamba ningetamka tu maneno yale, hata mara moja, yeye angelala usingizi. Asubuhi nikafunga kitambaa changu kiunoni kama nilivyokuja, nikamwambia nakwenda, wasife njaa kwa ajili yangu. Akaacha alichokuwa akifanya, akakifungua kile kitambaa kwa mikono yake, fundo lilikuwa gumu ikabidi atumie meno. Akasema jana alisema neno la mtu mchovu, nisilitie moyoni. Akasema tena kwamba mimi nikitoka kwa amri ya Athmani, basi tangu siku hiyo Athmani ndiye mwenye jiko, na yeye Zainabu ni mpishi wake. Kisha akajitanda buibui akaenda sokoni peke yake.

Alirudi akimvuta mbuzi. Mwaka ule watu waliuza mifugo yao kabla haijafa, na beberu yule alikuwa mbavu tupu, lakini alikuwa mbuzi. Nilidhani amepata mchinjaji kutoka Maungu au kwingineko. Bi Zainabu akakaa barazani mbele, mahali ambapo kila anayetoka msikitini lazima apite, akatoa kisu cha jikoni na jiwe, akaanza kunoa. Alinoa taratibu. Mwanaisha alipoelewa, akamshika mama yake mkono, akamwambia watu watasema. Mama yake akamjibu kwamba yeye alisomeshwa chuo na baba yake mpaka akahitimu Kurani, na katika yote aliyosoma hakukutana na aya inayosema kisu ni cha Athmani.

Sala ya alasiri ilipokwisha watu wakaanza kupita, wakaona, wakasimama. Tulimlaza mbuzi ubavu, kichwa kuelekea kibla. Mwanaisha akashika miguu ya mbele, mimi ya nyuma, na nilihisi moyo wa yule mnyama ukipiga mpaka kwenye mikono yangu. Bi Zainabu akapiga magoti na kisu chake. Akasema bismillahi, Allahu akbar, kwa ile sauti yake kubwa iliyofika mpaka stesheni, akakata mara moja, vizuri, koo lote. Damu ikaingia vumbini. Athmani akapenya katikati ya watu.

"Mwanamke hachinji," akasema.

"Mwanamke amechinja," akajibu Bi Zainabu, bado amepiga magoti. "Kama ni haramu, niambiwe na mwenye elimu. Maalim yupo hapo."

Maalim Bakari alikuwapo kweli, nyuma kidogo. Nilimwona akimtazama Athmani, aliyemjengea chuo, kisha akawatazama watoto wa chuo waliokuwa wamepanda ukuta kuona. Alikuwa mtu mpole na mwoga, mtu wa kupita kando ya ugomvi. Kisha akasema kwamba desturi yetu ni wanaume kuchinja, na ni desturi nzuri. Lakini desturi ni desturi. Dini haikumkataza mwanamke Muislamu kuchinja, na aliyesema vinginevyo alete kitabu chake. "Nyama hii ni halali," akasema.

"Na kafiri aliyeshika miguu?" akauliza Athmani.

"Aliyeshika miguu hakuchinja."

Watu wawili watatu wakacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomaliza amri ya Athmani, kwa sababu alikuwa amezoea kupingwa kwa kunong'onwa tu. Alisema atanifikisha kwa bwana wa serikali, na alikwenda kweli, lakini bwana yule alikuwa akiondoka na hakuwa na nafasi ya kusikiliza habari za mbuzi. Sisemi serikali ilitutetea. Haikutetea lolote, wala haikujua kwamba kuna lolote. Tulitetewa na kisu cha jikoni na mtu mwoga aliyesema kweli mara moja.

Jioni ile mikeka ilitandikwa nje. Maalim alikuja wa kwanza, akafungua kwa tende, akasali, kisha akachukua pande la nyama akalila mbele ya watu, polepole, ili kila mtu aone. Wakaja wengine. Si wote. Wako waliokaa bila kukanyaga hoteli ile maisha yao yote, na watoto wao hawajui ni kwa nini hawaikanyagi. Athmani alichukua chumba chake cha chuo, na Maalim akawahamishia watoto barazani kwa Bi Zainabu, nikawa nakuna nazi huku wakisoma alifu na be upande wa pili wa ukuta. Kabla ya mwezi kuandama nyama ya Athmani ikarudi kuuzwa kwetu pia, kwa sababu mchinjaji naye anahitaji hoteli. Hakuna aliyeomba radhi. Salim hakurudi. Tulingoja mwaka ule na miaka iliyofuata, na hakurudi.

Siku ya Idd nyumba ilijaa wanawake, manukato na hina, watoto wakikimbia na nguo mpya. Mimi nilikuwa nikipita na sinia. Mwanamke mmoja mkubwa, mwenye moyo mwema kabisa, akanishika mkono akaniketisha katikati yao. Akasema sasa hakuna anayekulazimisha, mwanangu, tumekwisha kuliona hilo. Mama yako huyu amevunja desturi kwa ajili yako, ameweka jina lake mdomoni mwa watu. Mshukuru basi kwa lile jambo moja litakalomfurahisha. Litamke kwa hiari yako, leo siku tukufu. Nilimtazama Bi Zainabu aliyesimama mlangoni, na nikaona usoni mwake kwamba anatamani. Alitamani kuliko kitu chochote, labda kuliko kurudi kwa Salim, na hakuweza kuuficha uso wake. Nilimpenda mwanamke yule kuliko nilivyojua kusema. Maneno yalikuwa mepesi, niliyajua kwa moyo. Lakini ningeyatamka kwa kumlipa, na kama nilikataa kuichukua dini kwa kapu la nyama, singeweza kuichukua kwa shukrani. Nikasema nashukuru, mama zangu, lakini hapana. Wakaguna, wakabadili mazungumzo kwa adabu, wakaondoka mapema kidogo.

Nilimkuta jikoni, amegeukia mafiga. Nikamwuliza kama amekasirika.

"Sikukasirika. Nimehuzunika," akasema. "Sikiza, Mghoi. Mimi naamini niliyosomeshwa. Naamini moto upo, na naogopa siku ile nikutafute nisikuone. Kila sala nakuombea uwe Muislamu, wala usiniambie niache, siachi. Lakini siku nitakayokutoa nyumbani mwangu kwa kuwa hukutamka maneno yale, Mwenyezi Mungu asinipokelee sala hata moja."

Nikalia, naye akaniacha nilie. Aliendelea kuniombea mpaka alipokufa, na mimi niliendelea kukaa kwake mpaka nilipoolewa. Ninachokiamini mimi leo sitakiandika hapa, nitazungumza na Mungu mwenyewe. Asubuhi ile aliniacha nilie kidogo, kisha akanitupia ncha ya leso yake nijifute, akaniambia nipakue tambi kabla hazijagandana, wageni wengine walikuwa wanabisha hodi.